Ushuru Tunalipa, Zahanati Haifunguki: Fedha za Halmashauri Zinavyoingia na Kutoka

Yapo maswali mawili ambayo hayakosekani katika mkutano wa kijiji au wa mtaa. La kwanza: ushuru tunaotozwa kila siku ya gulio unakwenda wapi? La pili hufuata kwa sauti ya juu zaidi: kama kila siku redio inatangaza mabilioni yaliyopelekwa wilayani, kwa nini zahanati yetu imeishia kwenye lenta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha? Mtendaji anasimama na kujibu kwamba mchakato unaendelea, watu wanaguna, ajenda nyingine inasomwa. Nimekaa katika mikutano ya namna hiyo mara nyingi, na ninaamini sehemu kubwa ya ugomvi kati ya wananchi na halmashauri zao inatokana na jambo ambalo hakuna anayechukua muda kulieleza: fedha za halmashauri hazikai katika kapu moja, na kiasi ambacho madiwani wanaweza kukipangia matumizi kwa hiari yao ni kidogo sana kuliko watu wanavyodhani.

Tuanze na maneno yenyewe. Serikali za Mitaa katika Tanzania Bara zimetajwa katika Ibara ya 145 na 146 za Katiba, na zinaendeshwa kwa sheria zilizotungwa mwaka 1982. Kabla ya hapo zilikuwa zimefutwa mwaka 1972 ulipoanzishwa mpango wa Madaraka Mikoani, zikarejeshwa kwanza mijini mwaka 1978 baada ya huduma za miji kuzorota. Leo tuna halmashauri 184, zikiwa za wilaya, miji, manispaa na majiji. Chini ya halmashauri kuna kata, kisha vijiji na vitongoji kwa upande wa vijijini, au mitaa kwa upande wa mijini. Wengi huchanganya Mkuu wa Wilaya na Mkurugenzi. Mkuu wa Wilaya ni mwakilishi wa Serikali Kuu. Mkurugenzi naye huteuliwa na Rais, lakini kazi yake ni kuendesha halmashauri na kutekeleza maamuzi ya Baraza la Madiwani, ambalo ndilo chombo cha watu waliochaguliwa, likiongozwa na mwenyekiti au meya. Baraza hilo ndilo linalopitisha bajeti. Neno «kupitisha», hata hivyo, linahitaji kuangaliwa kwa karibu.

Mfikirie bibi mmoja anayelea wajukuu wanne kijijini. Ana kibiashara chake cha maandazi kinachomwingizia shilingi elfu kumi kwa wiki. Mwanawe wa kwanza aliye mjini hulipa ada moja kwa moja shuleni, na bibi haioni hata noti moja. Mwanawe wa pili hutuma fedha ya mabati, akisisitiza kwamba isiguswe kwa jambo lingine. Wa tatu huahidi kila mwezi na hutuma anapoweza. Jirani akijumlisha yote hayo atasema bibi ana fedha nyingi. Siku mtoto mmoja anaugua usiku, bibi anazo zile za maandazi tu. Halmashauri nyingi za Tanzania zinaishi maisha ya bibi huyu.

Fedha ya maandazi ndiyo inayoitwa mapato ya ndani. Hizi ni fedha ambazo halmashauri inakusanya yenyewe: ushuru wa mazao, ushuru wa huduma unaotozwa kampuni kulingana na mauzo yao, leseni za biashara, ushuru wa masoko na minada, ada za stendi, machinjio, vibali vya ujenzi, kodi ya vyumba vya biashara. Ukisimama kwenye lango la mnada siku ya Jumamosi utamwona kijana wa ushuru akiwa na mashine ya POS mkononi, akitoa kistakabadhi chembamba cha shilingi mia kadhaa kwa mama mwenye tenga la nyanya. Kistakabadhi kile kikitoka, fedha hiyo inapaswa kuonekana kwenye mfumo na kupelekwa benki. Kisipotoka, hakuna mtu atakayejua kama iliwahi kulipwa, na kwa sababu hiyo kudai risiti ya mia tano ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana.

Yote haya yakijumlishwa nchi nzima yanafika wapi? Katika makadirio ya mwaka wa fedha 2022/2023, mapato ya ndani ya halmashauri zote yaliwekwa kuwa zaidi kidogo ya shilingi trilioni 1, wakati bajeti ya taifa ilikuwa shilingi trilioni 41.48. Kwa lugha ya sokoni, katika kila shilingi mia moja ya bajeti ile, halmashauri zote kwa pamoja zilitarajiwa kujikusanyia shilingi mbili na senti kidogo. Halafu tunazipa jukumu la shule za msingi na sekondari, zahanati, vituo vya afya, hospitali za wilaya, masoko, taka, ugani wa kilimo na mengine mengi.

Hata shilingi hizo mbili hazigawanyiki sawasawa. Jiji la Dar es Salaam, ambalo tangu Februari 2021 ni eneo lililokuwa Manispaa ya Ilala, lina Kariakoo, lina benki, lina ofisi za kampuni kubwa zinazolipa ushuru wa huduma. Geita ina mgodi wa dhahabu. Halmashauri ya wilaya ya pembezoni ina mahindi, mbuzi na soko la wiki. Nyingine zinategemea zao moja tu: Tandahimba na Newala zikisikia korosho imepiga chafya, zenyewe zinaugua. Msimu wa 2018/2019, minada ya korosho ilipokwama kwa sababu ya bei na Serikali ikaamua kuinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, hesabu za msimu zilivurugika kwa mkulima na kwa kila aliyemtegemea. Hakuna mweka hazina, hata awe hodari namna gani, anayeweza kupanga ujenzi wa miaka mitatu juu ya zao ambalo hajui litauzwa lini.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba vyanzo hivi vimekuwa vikipunguzwa kutoka juu. Kodi ya maendeleo, ambayo wazee wanaikumbuka kama kodi ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003. Kwa haki kabisa watu walifurahi, kwa sababu ukusanyaji wake ulikuwa wa kudhalilisha: watu walikimbilia porini wakiwaona mgambo. Serikali Kuu iliahidi kufidia pengo hilo kwa ruzuku. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alipata nafuu ya kweli, nami sioni sababu ya kumrudishia mzigo ule. Lakini ni lazima tuseme wazi kwamba nafuu ile ililipiwa na mtu, na aliyeilipia kwa sehemu kubwa ni halmashauri ya vijijini isiyokuwa na kingine cha kutoza.

Kodi ya majengo ina kisa kirefu zaidi, na ndiyo inayowachanganya watu kupita zote. Kokote duniani kodi hii ndiyo inayofaa zaidi kuwa ya serikali ya mtaa, kwa sababu nyumba haihami na huduma zinazoipandisha thamani, kama vile mitaro, taa na usafi, hutolewa hapo hapo ilipo. Kwetu imehamishwa huku na huko. Mwaka 2008 ukusanyaji wake katika manispaa za Dar es Salaam ulipelekwa kwa Mamlaka ya Mapato, yaani TRA, baadaye ukarudi kwa halmashauri, na mwaka 2016 ukapelekwa tena TRA. Mwaka 2021 ukaingizwa kwenye LUKU, mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na shilingi 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, viwango vilivyopandishwa mwaka 2023 kuwa 1,500 na 7,500. Tangu hapo mpangaji wa chumba kimoja anayenunua umeme wa shilingi elfu tano anaona makato na kuamini kwamba ameilipa manispaa yake, kisha anakwenda kuidai imzolee taka. Fedha ile haiangukii moja kwa moja kwenye akaunti ya manispaa ile. Inapita juu kwanza, na kinachorudi hurudi kama mgawo, kwa kanuni ambazo zimekuwa zikibadilika. Makusanyo kwa njia ya umeme ni rahisi, hilo halina ubishi. Kilichopotea ni ile kamba ya moja kwa moja kati ya mlipaji na anayemhudumia.

Sasa, hata fedha ya maandazi si yote ya bibi. Kwa sheria, asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Yapo makusanyo ambayo yameshawekewa kazi maalumu, kwa mfano fedha za uchangiaji wa huduma za afya, ambazo hurudi katika vituo vya afya na huitwa mapato lindwa. Kisha miongozo ya bajeti imekuwa ikitaka sehemu maalumu, kwa kawaida asilimia 40, na kwa halmashauri zenye uwezo mkubwa asilimia 60 au zaidi, iende kwenye miradi ya maendeleo. Kinachobaki ndicho kinacholipia vikao vya baraza, posho za wenyeviti, mafuta ya magari, ukarabati, umeme wa ofisi na dharura zote za mwaka. Kwa halmashauri ndogo, kinachobaki hicho hakitoshi.

Mapato mengine yote huitwa ruzuku, na hugawanyika katika mishahara, matumizi mengineyo na fedha za miradi. Mishahara ndiyo sehemu kubwa, nayo ni kama ile ada inayolipwa moja kwa moja shuleni: Hazina humlipa mwalimu na muuguzi kupitia benki, na Mkurugenzi hawezi kuigusa wala kuipunguza ili anunue madawati. Hawezi pia kuajiri mwalimu wa kudumu bila kibali kutoka juu. Ndiyo maana diwani akiulizwa «mbona shule yetu ina walimu watatu?», jibu la kweli ni kwamba ameomba, amepeleka takwimu, na anasubiri.

Bajeti yenyewe huanza kwa kitu kinachoitwa ukomo. Vijiji hukaa na kuibua vipaumbele: daraja la kivuko, nyumba ya mwalimu, zahanati. Mipango hupanda kata, kisha halmashauri. Wakati huo huo kutoka Hazina hushuka barua ya ukomo, inayoeleza kila halmashauri iombe fedha zisizozidi kiasi gani na kwa fungu gani. Vile viwili vikikutana, ukomo ndio unaoshinda. Baraza hupitisha kilichobaki, na kijiji kilichoibua mambo kumi hupata moja, au hupata la kumi na moja ambalo hakikuliomba, kwa sababu limekuja kama mradi wa kitaifa. Mwaka 2021 ulitolewa mfano mzuri wa hili: sehemu ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa shilingi trilioni 1.3 kwa ajili ya kukabiliana na UVIKO-19 ilijenga madarasa 15,000 kwa muda wa miezi michache. Kazi ile ilikuwa kubwa na ya kusifiwa. Lakini uamuzi wa darasa haukutoka kijijini, na kijiji kilichokuwa kinalilia maji kilipokea darasa.

Nirudi kwenye boma la zahanati, yaani jengo lililoishia kwenye kuta bila kuezekwa, kwa sababu hapo ndipo mambo yote haya yanapoonekana kwa macho. Wananchi wanachanga, wanasomba mawe, wanafyatua matofali, wanapandisha kuta hadi usawa wa lenta. Utaratibu unaoeleweka ni kwamba wakifika hapo, Serikali inamalizia. Kwa miaka ya karibuni kiwango kilichokuwa kikitumwa kumalizia boma la zahanati ni shilingi milioni 50, na boma la darasa shilingi milioni 12.5. Tatizo la kwanza ni kwamba maboma yako mengi kuliko milioni hamsini zilizopo, hivyo kuna foleni. Wakati wa kusubiri, mvua inamenya udongo kwenye viungo vya matofali, magugu yanaota kwenye sakafu, na mti wa mpapai unachungulia dirishani. Nimeliona boma ambalo watoto waliokuwa wakibeba maji ya ujenzi wake sasa ni wazazi.

Tatizo la pili ni wakati. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kuishia tarehe 30 Juni. Fedha ya mradi ikichelewa na kufika Aprili, inafika masika, barabara ya kwenda kijijini ikiwa imekatika na lori la mchanga halipiti. Mhandisi ana wiki kumi za kununua vifaa kwa kufuata taratibu za manunuzi, kupaua, kupiga lipu na kuweka milango, kwa sababu salio ambalo halijatumika tarehe 30 Juni hurudi Mfuko Mkuu isipokuwa limeombewa kibali cha kubaki. Mtu anayeijua hali hii hatashangaa kuona mlango wa zahanati mpya umepinda mwaka wa kwanza. Umetengenezwa haraka na fundi aliyekuwa akikimbizana na kalenda.

Tatizo la tatu huja baada ya utepe kukatwa. Jengo limekamilika, lakini linahitaji mganga, muuguzi, dawa kutoka Bohari ya Dawa, maji na umeme. Wahudumu wanategemea kibali cha ajira cha taifa zima. Aprili 2023, kwa mfano, zilitangazwa nafasi 21,200, yaani walimu 13,130 na watumishi wa afya 8,070, kwa nchi nzima. Gawanya nafasi hizo za afya kwa halmashauri 184 na utapata takriban watu 44 kila moja, kuanzia hospitali ya wilaya hadi zahanati ya mwisho mlimani. Boma lilikuwa tatizo la fedha ya maendeleo. Mlango uliofungwa ni tatizo la mishahara. Ni mafungu mawili tofauti, yanayoamuliwa na watu tofauti, ilhali mama mjamzito anaona mlango mmoja tu.

Kwa upande wa shule, hesabu ni fupi na inauma. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi hadi kidato cha nne inatolewa bila ada, na Serikali hupeleka ruzuku ya uendeshaji. Kwa shule ya msingi kiwango ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 6,000 hupelekwa shuleni na zilizobaki hukaa kwa ajili ya vitabu. Kiwango hicho cha elfu kumi kilianza na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) mwaka 2002, kikabaki hapo hapo kwa zaidi ya miaka kumi na tano huku bei ya kila kitu ikipanda. Shule yenye wanafunzi 800 hupata shilingi 400,000 kwa mwezi. Hapo kuna chaki, karatasi za mitihani, umeme, ukarabati wa choo, kitasa kilichovunjika. Mwalimu mkuu akiitisha mchango, mzazi anasema elimu ni bure na anaonewa. Wote wawili wana hoja: mzazi ameambiwa kweli kwamba hakuna ada, na mwalimu anajua kwa nini choo hakijakarabatiwa.

Yapo mambo ambayo diwani hubebeshwa bila kustahili. La kwanza ni barabara. Tangu Julai 2017, barabara za wilaya na mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa Serikali Kuu ambaye hutegemea zaidi Mfuko wa Barabara, na kwa mgawo uliozoeleka asilimia 70 ya mfuko huo huenda TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, na 30 TARURA. Ili kuziba pengo, mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli. La pili ni maji ya vijijini, ambayo tangu sheria ya mwaka 2019 yako mikononi mwa RUWASA, wakala mwingine wa Serikali Kuu. Diwani anaweza kupiga kelele, anaweza kuwaita mameneja hao kwenye baraza, lakini hana saini kwenye akaunti zao. Ninaona kasoro hapa: mtu aliyechaguliwa anaulizwa kwa huduma asizozisimamia, na anayezisimamia hakuchaguliwa na mtu.

Haya yote hayaifuti hoja ya wizi. Taarifa za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huonyesha mwaka hadi mwaka makusanyo ya POS ambayo hayakufika benki, na mikopo ya asilimia 10 ilisimamishwa Aprili 2023 kutokana na madudu yaliyokuwemo, vikiwemo vikundi hewa, kabla ya kuanza tena mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Watu husema pia kwamba halmashauri ikipata hati safi ya ukaguzi, yaani hati inayoridhisha, basi haijaibiwa kitu. Hati inayoridhisha ina maana kwamba vitabu vya hesabu vimeandaliwa kwa viwango na vinaonyesha hali halisi. Haisemi kwamba kila shilingi ilitumika vizuri, wala kwamba zahanati iliyojengwa ilihitajika. Mtu anaweza kuandika kwa usahihi kabisa matumizi ya hovyo.

Wengine hutazama Kenya na kuuliza kwa nini sisi tusiwe na kaunti. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inazihakikishia kaunti 47 mgawo usiopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa, na bado magavana wao hulalamika kila mwaka kwamba Hazina imechelewesha fedha na wahudumu wa afya wamegoma. Tofauti ni kwamba gavana ana namba ya kudai, iliyoandikwa kwenye Katiba. Mkurugenzi wa kwetu ana barua ya ukomo.

Kwa hiyo katika mkutano ujao, ambao kwa kijiji unapaswa kuitishwa angalau kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi, swali la «fedha zimekwenda wapi» linaweza kuvunjwa vipande ambavyo mtendaji hawezi kuvikwepa. Mradi huu umo katika fungu lipi, mapato ya ndani au ruzuku? Ulipangiwa kiasi gani na kimefika kiasi gani, tarehe ngapi? Kama hakijafika, kimekwama halmashauri au Hazina? Kama jengo limekwisha, maombi ya watumishi yalipelekwa lini? Shuleni, ruzuku ya uendeshaji inapaswa kubandikwa kwenye mbao za matangazo. Katika shule moja niliyopita, karatasi hiyo ilikuwapo, imeandikwa kwa mkono na mwalimu mkuu, yenye tarehe, kiasi kilichopokelewa na kila kilichonunuliwa hadi paketi ya chaki. Mzazi mmoja alikuwa amesimama mbele yake akiisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, na alipofika chini akamgeukia mwalimu na kumuuliza mbona mwezi wa tatu haumo. Mwalimu akamjibu kwamba haujaingia. Mzazi akatoa simu, akaipiga picha karatasi ile, akasema anampelekea diwani.